UZI: Lori la mchanga wa madini lina mionzi ama halina? Na kwa nini majibu yote mawili ya jukwaani yanakuacha gizani

Wadau, tumerudi. Sheria ni zilezile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukiwataja kwenye majibu nitakupita kama matatu iliyojaa. Leo ni mada ambayo mmeniomba tangu mwaka jana, na nimeikwepa kwa sababu ina hesabu kidogo. Lakini ni hesabu za darasa la sita. Twende.

Hotuba hii unaijua. Msemaji wa kwanza anapanda jukwaani Pwani, anaonyesha barabara kwa kidole: "Yale malori yanapita na nyuklia mbele ya nyumba zenu!" Umati unapiga kelele. Wiki mbili baadaye anakuja wa pili: "Msidanganywe, ule ni mchanga tu, kama wa kujengea." Umati unapiga kelele tena. Wakati mwingine ni umati uleule.

Shida ni kwamba wa kwanza hajadanganya kabisa, na wa pili pia hajadanganya kabisa. Kila mmoja ameshika nusu ya jambo na kukuficha nusu nyingine. Nusu iliyofichwa ndiyo inayomhusu yule kijana anayefagia vumbi ghalani.

Kwanza tuweke msingi. Kwale mchanga wa madini ulichimbwa na Base Titanium. Shehena ya kwanza iliondoka kwa meli 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Kilichokuwa kinabebwa barabarani ni ilmenaiti, rutaili na zirkoni, kutoka mgodini mpaka upande wa Likoni na bandari ya Mombasa. Kwa hiyo mtu anaweza kusema, "Si imeisha? Ya nini uzi?" Haijaisha. Mchanga wa aina hiyo uko pia Kilifi, upande wa Vipingo na Mambrui. Mlima Mrima uko palepale na thoriamu yake. Na kuna mizigo ya madini kutoka Kongo na Rwanda inayotafuta bahari. Hoja hii itarudi kila uchaguzi, niamini mimi.

Sasa mionzi yenyewe. Karibu kila kitu kinachotoka ardhini kina chembe za urani, thoriamu na potasiamu yenye mionzi. Udongo, mawe ya kujengea, jivu la makaa. Hata wewe unayesoma hapa: mwili wa mtu mzima una potasiamu inayotoa takriban bekereli 4,000. Bekereli moja maana yake chembe moja inavunjika kila sekunde. Ukikaa kwenye daladala, samahani, matatu (nilikaa Dar mwaka mmoja, ulimi haujarudi), jirani yako anakumulika na wewe unammulika. Hakuna aliyekufa kwa hilo.

Mfano wa mkulima. Gunia la kilo 50 la mbolea ya NPK 17:17:17 lina potasiamu ya kutosha kutoa kama bekereli laki mbili. Laki mbili! Ukiitangaza hivyo kwa sauti ya jukwaani, Trans Nzoia nzima haitapanda mahindi. Lakini ukigawa kwa uzito ni kama bekereli 4 kwa gramu, na za potasiamu, ambazo kwa kawaida hazimdhuru mtu anayebeba gunia.

Hapo ndipo ujanja wa kwanza ulipo, kwa hiyo ukariri. Mtu akikupa jumla ya bekereli bila uzito, anataka uogope. Lori la tani 30 za zirkoni yenye bekereli 4.5 kwa gramu lina jumla ya bekereli milioni 135. Inatisha, sivyo? Ni lori lilelile. Kanuni huanza kwa kuuliza ngapi kwa gramu.

Na sasa tunafika kwenye kiini. Kuna namba mbili, na karibu kila mjadala niliousikia redioni unazichanganya.

Namba ya kwanza ni 1. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lina viwango vya usalama ambavyo nchi nyingi hufuata. Vinasema mahali pa kazi penye vitu vya asili vyenye urani ama thoriamu kuzidi bekereli 1 kwa gramu panapaswa kuangaliwa na mdhibiti. Mgodi, kiwanda, ghala, lundo la mabaki. Kuangaliwa si kufungwa. Ni kupimwa, kuandikwa, kuamuliwa kama hatari ipo na ni kubwa kiasi gani.

Namba ya pili ni 10. Hii ni ya barabara, reli na bahari. Kanuni za IAEA za usafirishaji, ambazo toleo la kwanza lilitoka 1961 na la sasa ni la 2018, zinasema madini ya asili yenye urani ama thoriamu hayahesabiki kuwa mzigo wa mionzi mpaka yavuke mara kumi ya kiwango cha kawaida cha msamaha. Kiwango cha kawaida ni 1. Mara kumi ni 10. Chini ya hapo, lori linapita kama lori la mchanga mwingine wowote: hakuna alama, hakuna karatasi maalumu.

Kwa nini mara kumi? Si ati mtu alihongwa. Madini ya asili husafirishwa kwa mamilioni ya tani, na mionzi yake ni ya chini. Waliopanga walisema wazi kwamba wanapima mizani: ulinzi wa watu upande huu, na upande ule usumbufu wa kugeuza kila meli ya mchanga, mbolea na mawe kuwa mzigo hatari. Kabla ya mabadiliko ya 1996 kizingiti kilikuwa kimoja kwa aina zote, bekereli 70 kwa gramu. Kwa urani na thoriamu, kwa hivyo, kanuni ya leo ni kali zaidi kuliko ya zamani, ingawa jukwaani utaambiwa imelegezwa.

Haya, zirkoni inaangukia wapi? Chukua zirkoni yenye urani gramu 300 kwa kila tani, kiwango cha kawaida tu duniani. Gramu moja ya urani ya asili hutoa kama bekereli 12,400 za urani 238. Piga hesabu, unapata kama bekereli 3.7 kwa gramu. Ongeza thoriamu kidogo, uko kwenye 4.5 hivi. Juu ya 1, chini ya 10.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho, maana ndiyo uzi wote. Zirkoni ikiwa ndani ya lori, kanuni za usafirishaji wa mionzi haziihusu. Ikishushwa ghalani, mchanga uleule, siku ileile, unaingia kwenye macho ya mdhibiti. Msemaji wa pili anachukua nusu ya kwanza: "Lori halina alama kwa sababu halina mionzi." Uongo. Mionzi ipo, ila iko chini ya kizingiti cha barabara. Msemaji wa kwanza naye anasema: "Lori halina alama kwa sababu wanaficha!" Hapana. Alama haitakiwi.

Mimi ninaona nusu ya pili ndiyo yenye watu ndani. Mwananchi anayepitwa na lori barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga anakaa karibu na huo mzigo sekunde chache. Dereva anakaa nao saa. Utingo anapanda juu kufunga turubai, anavuta vumbi. Mfagiaji wa ghala anakaa na vumbi zamu nzima, mwaka mzima. Binamu yangu alifanya kazi ya kupakia mizigo ya madini kwa miaka, si hapo Kwale, mahali pengine. Barakoa alipewa ya kitambaa, moja, na aliambiwa vumbi ni "la kawaida". Hakuwahi kuonyeshwa kipimo hata kimoja. Huenda lilikuwa la kawaida kweli. Hoja yangu ni kwamba yeye hakuwa na njia ya kujua.

Na hesabu ya dereva ni rahisi kabisa. Kikomo cha mwananchi wa kawaida, juu ya mionzi ya asili anayoishi nayo, ni milisiveti 1 kwa mwaka. Mfanyakazi wa mionzi anaruhusiwa wastani wa 20 kwa mwaka, ukipigwa kwa miaka mitano. Mionzi ya asili yenyewe, wastani wa dunia, ni kama 2.4. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kipimo ndani ya kabini kinasoma nusu ya maikrosiveti kwa saa juu ya kawaida, na dereva anaendesha saa 1,000 kwa mwaka akiwa na mzigo. Hiyo ni maikrosiveti 500, yaani nusu milisiveti. Nusu ya kikomo cha mwananchi. Si kifo. Pia si sifuri. Na kujua jibu la kweli kunahitaji mtu mmoja, kifaa kimoja na siku moja. Badala ya kubishana miaka kumi, mtu angeingia kabini akapima.

Ujanja wa pili unahitaji hadithi ya ukoo. Urani haikai peke yake. Ikivunjika inazaa mtoto, mtoto naye anazaa mjukuu, hivyo hivyo mpaka mwisho wa ukoo inapogeuka risasi isiyo na mionzi. Kwenye mchanga uliolala ardhini mamilioni ya miaka, kila mwanaukoo anatoa bekereli karibu sawa na babu. Kanuni humhesabu babu peke yake, kwa sababu kizingiti kilipopangwa ukoo mzima ulikuwa umeshaingizwa kwenye hesabu. Mtu akijumlisha kila mjukuu, ile 3.7 inakuwa zaidi ya 40, halafu anasema "imevuka kizingiti mara nne!" Nimeona bango lenye hesabu hiyo. Aliyeandika labda hakuwa na nia mbaya, lakini ni kama kuhesabu familia moja kwenye sensa mara kumi na nne.

Lakini, na hapa wanaharakati wana hoja nzito, ukoo unaweza kuvunjika. Ukipika madini kwa moto mkali ama kuyaosha kwa asidi, baadhi ya wanaukoo hutengana na wengine na kujikusanya mahali. Mfano wa karibu ni mafuta. Mafuta ghafi ya Turkana yalibebwa kwa malori kutoka Lokichar mpaka Mombasa, na shehena ya kwanza ikauzwa nje Agosti 2019. Kelele zilikuwa juu ya malori. Kumbe duniani kote tatizo la mionzi kwenye mafuta haliko sana kwenye mafuta yenyewe. Liko kwenye ukoko unaoganda ndani ya mabomba na matangi, ambao unaweza kujaa radiamu. Kama ukoko wa sufuria ya ugali: chakula kimeliwa, kilichoshika chini ndicho kigumu. Siku mabomba kama hayo yatakapong'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu, hilo ndilo lori la kuuliza maswali. Na hakuna atakayelifanyia mkutano.

Sasa tuvuke 10. Kuna mchanga unaoitwa monazaiti, mara nyingi hupatikana pamoja na ndugu zake wa Pwani, kwa kiasi kidogo. Asilimia 1 tu ya thoriamu ni kama bekereli 40 kwa gramu. Monazaiti inaweza kuwa na asilimia 6 na zaidi, ambayo ni 240 na kupanda. Hiyo haina mjadala, ni mzigo wa mionzi. Pia koltani, inayotoka Kongo na Rwanda, madini ya tantalamu yanayoishia kwenye simu uliyoshika. Mara nyingi inavuka 10 kwa sababu ya urani na thoriamu zilizoshikana nayo.

Mzigo ukivuka, mambo yanabadilika. Unaingia daraja la 7 la mizigo hatari. Madini kama hayo kwa kawaida hupewa namba UN 2912. Lori linabandikwa bango la umbo la almasi, juu njano, chini nyeupe, lenye ile alama ya majani matatu na namba 7 chini kabisa. Karatasi zinasema kilichomo, ni bekereli ngapi, nani ametuma, nani anapokea, na dereva afanye nini likitokea la kutokea. Mionzi kwenye uso wa gari haipaswi kuzidi milisiveti 2 kwa saa, na mita mbili kutoka pembeni isizidi 0.1. Hayo ni macho ya kukusaidia barabarani: ukiona almasi hiyo, mtu amefuata kanuni. Watu huiona wakakimbia kwenda kupiga picha ya "ushahidi wa sumu". Lori la kutia shaka ni lile ambalo lingepaswa kuwa nayo na halina.

Na mwenye jukumu la kusema mzigo uko daraja gani ni anayeutuma. Yeye ndiye anapima, anaandika, anatia sahihi. Hapa kuna kishawishi halisi, na sijawahi kusikia mheshimiwa yeyote akikigusa. Kampuni nyingi za meli hazipendi daraja la 7. Nyingine hukataa kabisa hata kama kila karatasi iko sawa. Mzigo unakaa bandarini, gharama zinapanda. Kwa hiyo anayesema ukweli anaadhibiwa kwa kuchelewa, na anayeandika 9 mahali pa 14 anapita haraka. Ukitaka mjadala wenye maana, uliza: nani anachukua sampuli na kupima upya, mara ngapi, na matokeo yako wapi?

Hapo tunafika kwa serikali. Msimamizi ni mamlaka ya kudhibiti nyuklia, KNRA, iliyoundwa na sheria ya 2019 iliyofuta ile ya kinga dhidi ya mionzi ya miaka ya themanini. Leseni za mionzi zinatoka huko, na ni kazi ya serikali kuu. Kwa hiyo mgombea ugavana akikuahidi "nikiingia, siku ya kwanza nafuta leseni ya mionzi", anakuahidi kalamu ambayo haimo ofisini mwake.

Lakini gavana hatoki hivi hivi. Katiba, Jedwali la Nne, inaipa kaunti kazi ya zimamoto na kukabili majanga. Lori la daraja la 7 likianguka usiku pale Samburu ya Kwale ama Mariakani, wa kwanza kufika ni gari la zimamoto la kaunti. Je, lina kifaa cha kupimia mionzi? Je, wale vijana wanajua ile almasi inasema nini? Swali hilo mgombea ugavana anaweza kulijibu, kwa bajeti na tarehe. Muulize hilo, uone kama atarudi kwenye wimbo wa nyuklia.

Mrima nitaigusa kwa ufupi, inastahili uzi wake. Ni msitu wa kaya wa Wadigo, na ndani ya mlima kuna niobi, madini adimu na thoriamu ya kutosha kuinua mionzi ya asili ya eneo lenyewe kabla hata ya jembe la kwanza. Kampuni iliyotaka kuchimba ilifutiwa leseni 2013, ikaenda kwenye baraza la kimataifa la usuluhishi, ikashindwa 2018. Pale mzigo hautakuwa kama zirkoni. Kutegemea na kinachotenganishwa na mahali kinapotenganishwa, unaweza kuvuka 10 kwa mbali. Kwa hiyo mtu asikuletee mfano wa Kwale ili kukutuliza kuhusu Mrima, wala picha za Mrima ili kukutisha kuhusu Kwale. Uliza namba ya kila mahali.

Na namba unaweza kuzidai. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Kama jambo linagusa uhai wa mtu, saa 48. Andika barua fupi: "Naomba matokeo ya vipimo vya urani na thoriamu, kwa bekereli kwa gramu, vya madini yanayosafirishwa kutoka mahali fulani, pamoja na vipimo vya mionzi ndani ya kabini na ghalani, kwa miaka mitatu iliyopita." Wasipojibu, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Hauhitaji wakili. Mtu mmoja wa hapa aliniambia ameshatuma ya kwake. Akipata jibu, nitaliweka hapa kama lilivyo, liwe la kutuliza ama la kutisha.

Swali lililokuja mara nyingi kwenye DM: lori la mchanga wa madini likimwaga mzigo karibu na kwetu, tufanye nini? Najua tulivyo, lori likianguka tunatoka na ndoo. Huu usichote. Kusimama karibu nao dakika kumi si tatizo kubwa, ila vumbi usilivute, simama upande upepo unakotoka. Tatizo ni kuupeleka nyumbani. Mchanga mzito, mzuri, unang'aa, fundi ataupenda kwa plasta. Ukishaingia ukutani unalala nao miaka thelathini, na ule ukoo wa urani unatoa gesi ya radoni ndani ya chumba kilichofungwa. Lori lilipita kwa sekunde tano, ukuta haupiti. Kama kuna mtu kijijini alishachukua wa zamani na kujengea, asibomoe kwa hofu. Afungue madirisha hewa ipite, na aiandikie KNRA aombe kupimiwa.